Soksi na viatu vya mbio ndefu: changarawe za Goma, udongo wa Idjwi, na malengelenge

Mwana_Himbi (mwanzisha uzi)

Jambo wote. Tuko kikundi cha wakimbiaji hapa Goma, na msimu huu tunataka kupanda boti twende Idjwi, tukimbie kisiwa kutoka kaskazini hadi kusini kwa njia za miguu, tukilala mara moja katikati. Pumzi haitusumbui, mtu aliyekulia karibu mita 1,500 juu ya bahari hana cha kulalamika. Kinachotusumbua ni miguu. Mazoezi yetu ni kwenye changarawe za lava upande wa Munigi, na kila tukipitisha saa tatu lazima mmoja wetu arudi anachechemea. Mara kisigino, mara ukingo wa dole gumba, mara chini ya wayo pale nyuma ya vidole.

Soksi nene au nyembamba? Pamba tuachane nayo kweli, na ndiyo iliyojaa sokoni? Kiatu kibane au kiwe na nafasi? Mitumba inafaa, au tujichange tuagize vipya Kigali? Na watu wa Bukavu mtusaidie habari ya udongo, kwa sababu Idjwi hakuna changarawe zetu. Kule ni udongo mwekundu na mvua, na sisi tumezoea njia inayokata, si inayonata.

Tafadhali asije mtu na "kazeni moyo". Moyo tumekaza.

Mzee_Kazi

Vaselini. Paka mguu mzima, vaa soksi, kimbia. Mengine ni ya watu wenye pesa.

Muuguzi_Katindo

Mzee Kazi, vaselini nitairudia, usinikasirikie.

Kwanza tuelewane lengelenge linatoka wapi. Wengi wanadhani soksi inaikwangua ngozi kwa juu kama kisu kinavyomenya muhogo. Huo ni mchubuko, nao upo. Lengelenge linaanzia ndani. Mguu ukitua, mfupa unasogea kidogo, lakini ngozi imeshikwa na soksi, na soksi imeshikwa na kiatu. Kwa hiyo nyama iliyo kati ya mfupa na ngozi inavutwa, inaachiwa, inavutwa tena, maelfu ya mara kwa saa. Mwishowe tabaka za ngozi ya juu zinaachana ndani kwa ndani na maji yanajaa kwenye huo mwanya. Ndiyo sababu mtu anavaa kiatu kilichomkaa sawasawa na bado anatoka na lengelenge. Hakuna kilichoteleza juu ya ngozi, ngozi ndiyo iliyokataa kuteleza.

Ukishalijua hilo, unajua pia cha kuuliza dukani. Hiki kitu kitapunguza mnato kati ya ngozi, soksi na kiatu? Au kitapunguza kule kuvutwa? Kama hakifanyi lolote kati ya hayo, basi ni rangi tu.

Unyevu ndio adui mkubwa. Ngozi kavu inateleza vizuri. Iliyolowa chapachapa nayo inateleza kiasi, ila inalainika na kuchanika upesi. Ile ya katikati, yenye jasho lililokaa ndani ya soksi halina pa kwenda, ndiyo inayonata kuliko zote. Na pamba kazi yake ni hiyo: inanyonya jasho kisha inalikalia. Ikishalowa inalegea, inapoteza umbo, inajikunja chini ya wayo, na hilo kunjo ndilo litakalokuuma kilomita ya 25. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Herring na Richie, waliwapima wakimbiaji wa masafa marefu kwa soksi za pamba na za akriliki. Kwenye pamba malengelenge yalikuwa kama mara mbili kwa idadi, na ukubwa wake kama mara tatu.

Kwa hiyo jibu la pamba: ndiyo, achaneni nayo. Poliesta, nailoni, akriliki, au sufu ya merino mkiipata.

Mwana_Lushi

Niko Lubumbashi, sina lava wala ziwa, nina vumbi jekundu tu miezi yote ya kiangazi. Dada muuguzi, umesema kweli ila hukumaliza. Hao hao Herring na Richie walirudia jaribio mwaka 1993, safari hii kwa soksi zenye mto wa kawaida tu chini, na akriliki haikuishinda pamba. Tusije tukauziana majina ya nyuzi. Nimeona soksi za "michezo" za poliesta ambazo ni chafu kuliko pamba: ngumu, mshono wa vidole mnene kama kamba ya kiatu.

Muuguzi_Katindo

Mwana_Lushi, uko sahihi, na inasaidia kuchagua. Uzi mzuri uliofumwa vibaya hauna faida. Soksi zilizoshinda mwaka 1990 zilikuwa zimefumwa nene kisiginoni na chini ya vidole, nyembamba mahali pengine.

Ukiwa sokoni, usisome karatasi peke yake, maana soksi nyingi karatasi ilishapotea. Igeuze ndani-nje. Pitisha kidole polepole kwenye mshono wa vidole. Ukiusikia unakwaruza, mguu utausikia mara elfu. Ivute kwa upana kisha uiachie: ikirudi haraka, mpira wake uko hai, ikibaki imelegea, iache hapo hapo. Weka tone la maji juu yake. Pamba inalimeza mara moja na doa linakaa pale pale, likiwa baridi ukiligusa. Poliesta iliyofumwa vizuri inalisambaza, na baada ya dakika chache unatafuta lilikuwa wapi.

Halafu saizi. Watu wanapima kiatu, soksi hawaipimi. Soksi ya mtu wa 39 mpaka 45 haipo, hata kama imeandikwa. Kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako. Kikipanda juu kwenye kifundo ni kubwa, kitambaa kitatafuta pa kujikunja. Ikiwa ndogo, itavuta vidole na kuvibananisha.

Chukudu_Tu

Na kuvaa mbili? Wenzangu wanavaa mbili za pamba wanasema zinasaidia.

Muuguzi_Katindo

Mbili zinasaidia, si mbili za pamba. Ya ndani iwe nyembamba na laini, ya poliesta, imebana ngozi. Ya nje iwe nene zaidi. Lengo ni soksi iteleze juu ya soksi, ili ngozi isivutwe. Mpango huo ulijaribiwa kwa makuruta wa kikosi cha Marines cha Marekani, matokeo yakatoka mwaka 1996: nyembamba ya poliesta ndani, nene ya sufu na poliesta nje, na malengelenge yakapungua. Ila hao walikuwa kwenye buti. Ukiziweka mbili ndani ya kiatu cha kukimbia kilichokutosha kwa moja, umejitengenezea taabu mpya. Kiatu kinunuliwe ukiwa umevaa zote mbili.

Kuna pia soksi zilizoshonwa tabaka mbili tayari, na zile za vidole vitanovitano kama glavu. Za vidole ninazipenda kwa mtu ambaye malengelenge yake yanatoka kati ya kidole na kidole. Kama lako liko kisiginoni, za vidole hazikuhusu.

Mzee_Kazi

Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku. Hakuwa na soksi tabaka mbili.

Mwana_Lushi

Mzee, na miaka minne baadaye akashinda tena Tokyo, akiwa na viatu na soksi, na muda wake ukawa mzuri zaidi: saa 2:12:11, wakati Roma ilikuwa 2:15:16. Hata Roma alivua kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri, na alishazoea kukimbia hivyo tangu Ethiopia. Yaani ukisoma vizuri, Bikila ni shahidi wa upande wetu: afadhali usivae kabisa kuliko kuvaa kisichokutosha.

Na alikimbia barabarani. Mpeleke kwenye lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2002 uone kama angevua.

Mzee_Kazi

Sawa, hiyo ya lava nimekubali.

Fundi_wa_Birere

Nimesoma yote. Mimi ni fundi viatu, sikimbii, lakini ninaona viatu vya wanaokimbia vikija vimekufa, na kila kiatu kinasema mwenyewe kilimuumiza wapi.

Mwana_Himbi, kuhusu mitumba. Kiatu cha mitumba si kibaya kwa sababu ni cha zamani. Ubaya wake ni kwamba mtu mwingine alishakifinyanga kwa mguu wake. Kabla ya kulipa fanya hivi. Toa soli ya ndani, iangalie kwenye mwanga. Utaona alama za vidole vya mwenyewe wa kwanza. Simama juu yake pekupeku. Kama dole gumba lako linaangukia nje ya shimo lake, kiatu kitakusukuma kwenye shimo hilo siku nzima. Soli ya ndani inaweza kubadilishwa, ila tazama pia ile ya chini iliyogandishwa, nayo ikiwa imebonyea upande, rudisha.

Kisha ingiza mkono ndani mpaka kisiginoni, papasa bitana. Hapo ndipo mitumba mingi inaoza. Kitambaa kimechanika tundu dogo kama kucha, sponji imetoka, na chini yake kuna plastiki ngumu. Mnunuzi haoni kwa sababu anatazama rangi na nembo. Mimi naibandika ngozi laini ya mbuzi, naipunguza kingo ziwe nyembamba ili zisitengeneze kidaraja. Lakini kama plastiki yenyewe imevunjika, ukibonyeza nyuma ya kisigino kwa dole gumba na inaingia ndani yote, hata mimi siwezi. Kisigino kitacheza, na kikicheza ndiyo yale aliyosema mama muuguzi.

Mwisho kunja kiatu. Kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama sandali, kwenye mawe yetu kila kokoto litakuja kusalimia wayo. Kwa lava unataka soli yenye ugumu chini, meno yasiyo marefu sana, na mpira uliopanda mbele kukinga vidole. Lava inakata wavu wa kiatu kando kando, hapo karibu na kidole kidogo, na vumbi jeusi linaingia humo. Nikiletewa kiatu kimetoboka pale, sihitaji kuuliza mtu anakimbilia wapi.

Ukubwa: njoo jioni, ukiwa umeshinda umesimama, na soksi utakazokimbilia. Mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, na mguu wa saa ya tano ya kukimbia ni mkubwa zaidi. Ukisimama wima, upana wa dole gumba la mkono ubaki kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Kirefu nimesema, wengine kidole cha pili ndicho kirefu. Watu wengi wa 42 ya ofisini wanahitaji 43 ya mbio ndefu. Lakini nafasi iwe mbele na pembeni ya vidole. Kisigino na mgongo wa mguu vishikwe.

Mwana_Himbi

Papa fundi, aksanti sana. Sasa hapo ndipo ninapokwama. Nikichukua chenye nafasi mbele, kwenye mteremko mguu unakwenda mbele na kucha zinagonga. Nikichukua kinachobana, vidole vinawaka.

Fundi_wa_Birere

Hilo ni la kamba. Viatu vingi vya kukimbia vina tundu moja la ziada juu kabisa, karibu na kifundo, na watu hawalitumii. Pitisha kamba kutoka tundu la chini yake moja kwa moja kwenda hilo la juu, upande ule ule, usivuke. Itabaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa kamba ya kushoto ipite ndani ya kitanzi cha kulia, ya kulia ndani ya cha kushoto, uvute kuelekea chini, si juu. Utasikia kisigino kimekaa. Ndiyo ufunge. Huku chini kwenye vidole kamba zibaki zimelegea.

Na kucha zikatwe siku chache kabla, zinyooke, si usiku wa kuamkia safari.

Yaya_Ibanda

Naandika kutoka Bukavu. Wadogo zangu wa Goma, mnakwenda kwenye shule nyingine.

Kwenu kokoto linaingia, unasimama, unalitoa, unaendelea. Udongo wetu hauingii kwa siku moja. Kwanza unakaa chini ya soli, kiatu kinakuwa kizito, halafu mguu unaanza kuteleza kando kila hatua. Huo utelezi wa kando ndio mnausahau. Lava inakushika, mguu unakwenda mbele na nyuma tu. Udongo ukilowa, mguu unasokota, na malengelenge yanahama: badala ya kisigino, yanatoka ukingoni mwa wayo na chini ya dole gumba. Ile soli ya meno mafupi aliyoisema papa fundi kwa lava, kwenye mlima wa udongo itakuwa ubao. Kwa Idjwi meno yawe marefu na yaachane, udongo upate njia ya kutoka.

La pili, msidanganyike na viatu visivyopitisha maji. Dukani vinaonekana ndiyo jibu la mvua. Huku maji hayaingii kwa pembeni, yanaingia kwa juu, kwenye mdomo wa kiatu, ukikanyaga kijito au majani marefu yakikumwagia. Yakishaingia, kiatu kile kile kilichoyazuia kuingia kinayazuia kutoka. Unakimbia na ndoo mbili. Wavu mwepesi unalowa haraka na unakauka haraka, hatua kama mia mbili baada ya kijito unaanza kusikia mguu wako tena.

Vaa nyepesi, kubali kulowa, panga kukauka. Kila mtu abebe soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, si pamoja na biskuti. Mkifika nusu ya siku, kaeni chini. Vua, futa, acha miguu ipigwe na upepo mpaka ile ngozi nyeupe iliyokunjamana irudi rangi yake. Vijana hawapendi kusimama, wanaona wanapoteza muda. Muda utapotea tu, ni wewe kuchagua kuupoteza umekaa chini ya mti wa kahawa au ukichechemea.

Na usiku mlalapo, msilale na soksi. Osha miguu, kausha, lala pekupeku.

Chukudu_Tu

Yaya, sasa tununue viatu viwili? Cha Goma na cha Idjwi?

Yaya_Ibanda

Mwenye uwezo anunue. Asiye nao, achague cha Idjwi na akifanyie mazoezi Goma kidogo, ajue meno yatalika. Msifanye mazoezi yote kwenye kimoja na kwenda kufungua kingine siku ya safari. Ngozi inajenga ugumu pale inapozoea kusukumwa, ukibadilisha kiatu umebadilisha mahali.

Muuguzi_Katindo

Yaya amenirahisishia. Sasa vaselini ya Mzee Kazi, na mengine ya farmasi.

Vaselini inafanya kazi mwanzoni. Inapunguza mnato kweli. Baada ya saa kadhaa inanyonywa na soksi, ngozi iliyobaki imelainika, na mnato unaweza kurudi ukiwa mkubwa kuliko ulipoanza. Kwa mbio za saa moja sina ugomvi nayo. Kwa Idjwi, lazima uipake upya kila mnapobadilisha soksi, ukiwa umefuta ya zamani. Na kwenu Goma ina ubaya wa pili: vumbi la lava likiingia linaganda humo, umejipaka msasa.

Dawa za kuzuia jasho: zipo, zenye kloridi ya aluminiamu. Mwaka 1998 zilijaribiwa kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliotembea kilomita 21. Waliopaka kabla, usiku tatu au zaidi, asilimia 21 walipata malengelenge. Ambao hawakuipata dawa, asilimia 48. Inapendeza. Lakini zaidi ya nusu ya waliopaka waliwashwa na ngozi. Mimi siwapi watu ninaowashauri, labda yule ambaye miguu yake inatoa jasho kama bomba, na ajaribu wiki kadhaa kabla.

Ninachowapa ni sparadra ya karatasi, yaani plasta ya kunata. Ile nyepesi ya bei ndogo, ya kushikiza pansema, kitambaa cha kufunika kidonda. Matokeo ya mwaka 2016 kwa wakimbiaji 128 wa mbio za siku kadhaa, kama kilomita 250, yalionyesha kuwa mahali palipobandikwa sparadra hiyo malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Ni jambo la kubandika kabla, si baada. Na bandika pale unapojijua, siyo mguu mzima.

Namna ya kubandika: mguu umekauka, hauna mafuta, ndiyo maana vaselini na sparadra haviishi nyumba moja. Kata kipande, kisha kata pembe zake nne ziwe mviringo. Pembe kali ndiyo inayofunguka kwanza na kujiviringisha. Kwa kisigino, kunja mguu kwenye kifundo, bandika katikati kwanza, kisha ulaze kushoto na kulia bila kuvuta. Ukiivuta itajaribu kurudi na kubeba ngozi. Kusiwe na kunjo hata moja. Funika kwa kiganja kwa nusu dakika, joto linaigandisha. Vaa soksi kwa kuikusanya kwanza mpaka vidoleni halafu uifungue, usiiburute juu ya sparadra.

Mkiwa njiani, mtu akisema "kuna mahali pananichoma", wote msimame. Hapo bado ni joto tu, hakuna maji. Kutoa kokoto, kunyoosha soksi, kubandika kipande: dakika tatu. Mkiacha mpaka kijiji kinachofuata hamtakuwa mnazuia tena, mtakuwa mnatibu.

Mwana_Himbi

Na likishatoka? Sisi tunapitisha sindano na uzi, tunauacha uzi ndani ili maji yatoke.

Muuguzi_Katindo

Uzi huo utoeni kwenye mpango wenu. Mmeweka utambi wa kupeleka uchafu ndani.

Lengelenge dogo lisilouma, lifunikeni na mliache. Kubwa lenye kubana ndani ya kiatu, osheni kwa maji safi na sabuni, nunueni sindano safi zilizofungwa za farmasi mje nazo, si ya kushonea. Toboa ukingoni, upande wa chini, matundu mawili madogo. Bonyeza polepole kwa pansema safi. Ile ngozi ya juu msiing'oe, ndiyo kifuniko bora mlicho nacho huko kisiwani. Funika, badilisha jioni. Ikijaa tena, rudia.

Wekundu ukisambaa, usaha, mstari mwekundu ukipanda mguuni au homa: mwisho wa kukimbia, kituo cha afya. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, aje kwetu. Na kwa kuwa mnakimbia kwenye mawe yanayokata, kila mmoja aangalie chanjo yake ya pepopunda ilikuwa lini.

Mwana_Lushi

Swali la vumbi, maana linanihusu. Kokoto na vumbi vinapita kwenye mdomo wa kiatu hata soksi ikiwa nzuri kiasi gani. Vile vifuniko vya kifundo vinavyouzwa nje ni ghali, na huku sijaviona.

Fundi_wa_Birere

Hivyo tunashona. Lete soksi ndefu kuukuu, si ya pamba, inayovutika. Kata sehemu ya wayo, baki na bomba la juu. Mbele nakuwekea kindoano kidogo cha waya kinachoshika kamba za kiatu, nyuma nagandisha kipande cha kunata kwenye kisigino, kingine kwenye kitambaa. Chini hakuna mkanda wa kupita chini ya soli. Kwenye lava mkanda hauli hata kilomita tano, unakatika. Kitambaa kiwe chepesi, kipitishe hewa, maana nimeona mtu ameshona kwa turubai, mguu ukaiva.

Chukudu_Tu

Hahaha turubai! Huyo namfahamu.

Yaya_Ibanda

Kwa Idjwi hivyo vifuniko vitajaa tope. Vivae mazoezini Goma, kule viacheni mfukoni mpaka mpate njia kavu.

Mwana_Himbi

Nimeelewa, na nimeshawaonyesha wenzangu uzi huu wote. Tulivyoamua: poliesta, kila mtu jozi tatu, moja ya mguuni na mbili kwenye mfuko wa nailoni. Viatu tunatafuta mitumba ya wavu yenye meno, jioni, baada ya kazi. Wawili kati yetu ambao kisigino ndicho ugonjwa wao watajaribu ile ya soksi mbili mazoezini kwanza. Sparadra na sindano nazichukua mimi. Vaselini tumemwachia Mzee Kazi.

Papa fundi, vifuniko sita, ni bei gani, na unapatikana siku gani?

Fundi_wa_Birere

Kila siku isipokuwa Jumapili. Bei tutaongea mkija, soksi zenu mkileta wenyewe itashuka. Mje na viatu vyenyewe, kile kipande cha kisigino lazima nikipime juu ya kiatu. Na zifueni kwanza tafadhali.

Mzee_Kazi

Mniwekee na mimi cha saba. Mguu wa 44.